Kichwa cha sangara: namna ya kukinunua, kukipika na kukila bila aibu

Watu wa Pwani wana kaa. Ukimwona mtu wa Tanga au Unguja anavyoshughulika na miguu ya kaa, anavunja gamba, anachokonoa, ananyonya, utaelewa kwamba kuna vyakula ambavyo utamu wake unapatikana kwa kazi. Sisi wa Mara hatuna kaa wa kupika. Vikaa vya ziwani vipo, vidogo, watoto wanavifukuza kwenye mawe, ila sijawahi kuona mtu kaviweka sufuriani. Sisi tuna kichwa cha sangara. Ni kilekile tu: nyama imejificha nyuma ya mifupa, mikono lazima ichafuke, na mwenye haraka atasema hakuna kitu pale ndani.

Nasomea ualimu na kwetu ni Musoma. Wakati wa fildi nilipangiwa shule moja Bunda, tukapanga geto wanachuo wanne: mimi, mmoja wa Njombe, mmoja wa Moshi na mmoja wa Dar. Siku ya kwanza niliporudi sokoni na kichwa cha sangara kwenye mfuko, yule wa Dar aliangalia, akacheka, akasema, "Kumbe leo tunakula mapanki." Hilo neno ndilo lililonifanya niandike makala hii. Wengi wetu tunaoenda fildi Kanda ya Ziwa tunakosa kitoweo kizuri, cha bei nafuu, kwa sababu ya neno moja.

Mapanki ni nini, na kichwa ni nini

Tuanze na historia kidogo, maana sangara mwenyewe ni mgeni. Hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa upande wa Uganda na Kenya, akakaa kimya kwa muda, kisha miaka ya 1980 akajaa ziwa zima. Furu wengi waliokuwa wakiliwa na mabibi zetu wakapotea. Wazee wa Musoma wanasimulia kwamba mwanzoni watu hawakumpenda sangara: ana mafuta mengi, hakaushiki vizuri juani kama samaki waliowazoea, na ukubwa wake ulitisha. Sangara anaweza kufikia karibu mita 2 na kilo 200. Kwa hiyo hiki chakula ninachokiita cha kwetu hakina umri mrefu. Bibi yangu alijifunza kukipika akiwa tayari mama wa watoto.

Kisha vikaja viwanda vya kuchakata minofu, Mwanza na Musoma. Kiwanda kinachukua mnofu wa ubavuni, kinaupakia kwenye barafu, unakwenda Ulaya. Mnofu huo haufiki nusu ya uzito wa samaki. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo, ngozi na mkia. Hayo mabaki ya kiwandani ndiyo yaliyoitwa mapanki. Yalinunuliwa kwa wingi, yakaanikwa, yakakaangwa, yakauzwa kwa watu ambao mnofu ulikuwa umewapanda bei.

Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengeneza filamu kutoka Austria, alitoa filamu yake ya "Darwin's Nightmare", iliyopigwa Mwanza. Mle ndani kulikuwa na picha za mapanki yakianikwa katika hali mbaya kabisa. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaichafua nchi, na mjadala ukawa mkubwa: Watanzania wanakula mapanki au hawali? Mimi nilikuwa mdogo sana au sijaanza kuelewa mambo, lakini neno lilibaki. Hadi leo ukitaka kumtania mtu wa kanda yetu, unamwambia habari za mapanki.

Ninavyoona mimi, pande zote mbili zilikwepa jambo moja. Kichwa cha samaki hakijawahi kuwa aibu. Singapore mchuzi wa kichwa cha samaki ni chakula cha kujivunia, watu wanakwenda hotelini kukilipia. Huko huko Pwani yetu, supu ya kichwa cha kolekole ina wateja wake. Aibu ni kichwa kilicholala masaa mengi juani bila barafu, kikaanikwa chini, kikauzwa kwa mtu asiye na uchaguzi mwingine. Kichwa kilichokatwa asubuhi mbele ya macho yako, kikapikwa mchana, ni kitoweo kamili. Tofauti yake na mapanki ni masaa, usafi na uhuru wa kuchagua. Hayo matatu yote mnunuzi anaweza kuyasimamia mwenyewe, ndiyo maana nayaeleza hapa chini.

Kununua

Wahi. Musoma mjini nenda Mwigobero asubuhi, boti zikiwa zinashusha. Ukiwa Bunda mjini au Butiama, kumbuka kwamba hapo huko ufukweni. Samaki amesafiri kwa bodaboda au kwa gari kabla ya kukufikia. Butiama hasa, samaki anayefika mchana tayari ana safari ndefu mgongoni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji siyo bei. Ni hili: "Mama, huyu amefika saa ngapi, na alikuwa kwenye barafu?" Muuzaji mzuri hakasiriki. Wangu wa Bunda alikuwa ananijibu, "Mwanangu, huyu wa jana, subiri nikupe wa leo," na kwa jibu hilo nikawa mteja wake mpaka fildi ikaisha.

Kichwa chenyewe kinasema ukweli kuliko muuzaji. Angalia haya:

Jicho liwe limejaa, linang'aa. Jicho lililozama na kuwa na ukungu ni la samaki aliyechoka.

Matamvua, yale yaliyo kama kitana chini ya shavu, yawe mekundu. Yakiwa ya kahawia au kijivu, achana nayo. Ukikuta yameshang'olewa, uliza kwa nini, maana wengine wanayang'oa kwa usafi na wengine wanayang'oa kuficha umri.

Bonyeza nyama ya kisogoni kwa kidole. Ikirudi, sawa. Shimo likibaki, hapana.

Nusa. Samaki mzima ananukia ziwa. Akikupiga puani kabla hujainama, ondoka.

Jambo la tano ni ukubwa, na hili ni la sheria. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na sato chini ya sentimita 25 vilevile. Sokoni kichwa kikiwa kimeshakatwa huwezi kupima samaki, lakini kichwa kinachotoshea kwenye kiganja chako ni cha samaki mtoto. Usinunue. Kwanza hakina nyama. Pili, ukikinunua, kesho wataletwa wengine wadogo zaidi, na sisi ndio tutakaofundisha watoto wa wavuvi hao.

Kwa watu wanne wanaokula ugali, kichwa kimoja chenye kilo 2 hivi kinatosha, na supu inabaki. Mwambie muuzaji akuachie na kipande cha shingo, pale kichwa kinapokutana na mwili, maana kuna nyama nyingi. Bondo usilitafute. Lile linatolewa mapema na kuuzwa peke yake kwa bei ambayo bumu letu halifikii. Linasafirishwa hadi China.

Mwisho, mwombe akipasue. Kichwa kikubwa cha sangara hakipasuliwi kwa kisu cha geto. Muuzaji ana panga na gogo. Anakigawa kati kwa urefu, kuanzia mdomoni hadi kisogoni, kwa mapigo mawili. Ukijaribu mwenyewe utaharibu kisu, na pengine kidole.

Kusafisha

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, halafu wanasema kichwa kina shombo. Kichwa kisichosafishwa vizuri lazima kiwe na shombo.

Toa matamvua yote. Yashike kwa mkono, kata pale yanaposhikana na mfupa juu na chini, vuta. Hayaliwi, yana uchungu, na ndiyo yanayooza kwanza. Kisha tafuta damu iliyoganda nyuma ya matamvua na kando ya uti wa mgongo, ikwangue kwa ncha ya kisu au kwa kijiko. Para magamba ya kisogoni na shingoni. Osha kwa maji mengi yanayotiririka au badilisha maji kwenye beseni mara tatu, mpaka maji yatoke bila wekundu.

Usiloweke. Kichwa kikilala kwenye maji, nyama inalegea na ladha inatoka. Kikaushe kwa kukiegesha kwenye ungo au sahani iliyoinamishwa, pakaa chumvi na limau mbili, ndani na nje, kiache dakika 20 hadi 30. Kama kuna joto, usizidishe.

Beseni, kisu na ubao uliotumia, osha kwa sabuni kabla hujakatia nyanya na vitunguu. Kwenye geto lenye kisu kimoja hili linasahaulika kirahisi.

Kupika

Kuna njia mbili nyumbani kwetu, na zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni kukikausha kwanza kwa kukikaanga kidogo au kukibanika juu ya mkaa, halafu kukiunga. Ya pili ni kukiunga kibichi moja kwa moja, inaitwa tu "kuchemsha". Nitaeleza ya pili, kwa sababu haihitaji mafuta mengi na inafaa jiko moja la mkaa au mtungi mdogo wa gesi.

Mahitaji: kichwa kilichopasuliwa, vitunguu 2 vikubwa, nyanya 5 au 6 zilizoiva, kitunguu swaumu na kipande cha tangawizi, nyanya chungu 5 au 6 kama unazipenda, pilipili moja nzima, limau, chumvi na mafuta vijiko 2. Mafuta ni hayo tu. Sangara ana yake ya kutosha, utayaona yakielea.

Chukua sufuria pana. Kichwa kisipandiane; kilale. Kaanga vitunguu mpaka vilainike, weka kitunguu swaumu na tangawizi, kisha nyanya. Nyanya zipike hadi zipondeke kabisa na mafuta yaanze kujitenga. Usiruke hatua hii; nyanya mbichi ndani ya mchuzi wa samaki zinaacha ukali usioondoka.

Panga vipande vya kichwa, upande wa ngozi ukitazama juu. Mimina maji ya moto yafike nusu ya urefu wa samaki, yasimfunike. Panga nyanya chungu pembeni, pilipili juu bila kuipasua. Funika, moto wa wastani.

Kuanzia hapo, mwiko hauingii tena. Ukikoroga, nyama ya shavu inaachia, mifupa midogo inatawanyika kwenye mchuzi, na hicho ndicho chanzo cha watu kukwamwa na miiba. Shika sufuria masikio mawili, itikise taratibu. Chota mchuzi kwa upawa, mwagia juu. Basi.

Dakika 20 hadi 25 zinatosha. Ishara ziko mbili: jicho linageuka jeupe kama ushanga, na ukisukuma nyama ya shavu kwa kijiko inaachia mfupa yenyewe. Kama mafuta yamekuwa mengi juu, yachote kidogo kwa kijiko. Kamulia limau, onja chumvi, epua. Kiache dakika 5 kabla ya kupakua, nyama inashikana tena kidogo.

Nazi? Weka kama unayo. Huku nazi inasafiri kutoka mbali kuliko samaki, kwa hiyo kwetu si desturi ya kila siku.

Kupakua na kula

Kichwa hakiliwi kwenye sahani nne mtu mmojammoja kama wali wa kantini. Kinakaa katikati, kwenye sinia au bakuli pana. Ugali kando, kwetu wa udaga au wa mahindi, mgumu kidogo ili uweze kuchovya. Mchuzi mwingine mimina kwenye vikombe. Weka bakuli tupu la mifupa. Hili ni la lazima, bila bakuli la mifupa watu wanarudisha mifupa kwenye sinia na aliye pembeni anaibeba na tonge. Maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kula, na baada ya kula maji tena na kipande cha limau kuondoa harufu mikononi.

Na taa. Nasema kwa uzito: samaki wa mifupa haliwi gizani. Umeme ukikatika, washa tochi ya simu, iegeshe kwenye kikombe, au subirini.

Nyama iko wapi? Anza na shavu, chini ya jicho: ni donge moja la duara, jeupe, halina mwiba hata mmoja. Nyumbani hilo hupewa mtoto mdogo au mgeni asiyezoea. Fuata kisogo, nyama nene inayotoka kwa vipande vikubwa. Kisha shingo na kile kifuniko cha mfupa kando ya matamvua. Chini yake kuna mnofu mwembamba wenye mafuta. Ukimaliza hapo, ndipo kazi ya kaa inapoanza: kidevu, midomo, ule utelezi nyuma ya jicho. Hivi vinanyonywa, havitafunwi. Jicho lenyewe ni la anayelitaka. Baba alikuwa analichukua bila kuuliza na hakuna aliyebisha.

Yule mwenzetu wa Dar nilimpa shavu kwanza. Alinyamaza. Kisha akauliza kama lile la upande wa pili lina mwenyewe.

Kwa mwalimu mtarajiwa, sinia hilo lina somo. Huwezi kumweleza mtu kwa maneno mwiba uko wapi. Unamwonyesha, anashika, anatafuta kwa vidole kabla ya kupeleka mdomoni, anakosea kidogo, anajua. Mtoto wa Majita wa miaka 6 anakula samaki wa mifupa bila shida na hakuna aliyemwandikia nukuu ubaoni. Yule wa Njombe alihitaji mlo mmoja na nusu.

Kikibaki, kama hamna friji, kichemshe tena mpaka kitokote usiku huohuo, kifunike, kisha kichemshe tena asubuhi na mkimalize. Kisivuke hapo. Supu yake ya asubuhi kwa kiazi kitamu ni zawadi ya waliopika.

Mwiba ukikwama

Hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome hata kama huli samaki, kwa sababu utafundisha shule yenye watoto na chakula cha mchana.

Kila mtu huku anajua dawa: meza tonge kubwa la ugali bila kutafuna, litabeba mwiba. Wiki yetu ya tatu, yule wa Moshi alikwamwa, na jirani akaja mbio na tonge mkononi. Tulimzuia. Mifupa ya sangara si laini. Ni migumu na mikubwa. Tonge linaweza kuupeleka mwiba chini zaidi au kuuzamisha kwenye nyama ya koo, mahali ambapo daktari atapata shida kuufikia. Ndizi na wali unaomezwa mzima ni hadithi ileile.

Cha kufanya: acha kula. Tulia, usiingize kidole. Kohoa kidogo, mwiba mdogo mara nyingi unatoka kwa kukohoa. Mwambie mwenzako aangalie kooni kwa tochi. Kama unaonekana wazi na uko karibu, unaweza kutolewa kwa kibano safi. Kama hauonekani, maumivu yanabaki pale pale kila ukimeza mate, unatema damu, au huwezi kumeza, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtu akishindwa kupumua, hiyo ni dharura, hakuna kusubiri. Wa mwenzetu ulionekana nyuma ya ulimi, ukatoka kwa kibano. Usiku huo alimalizia ugali kwa mchuzi.

Kwa hiyo ukipangiwa fildi Musoma, Bunda au Butiama, mwezi wa kwanza bumu likiwa limechelewa na mnofu unauangalia tu kwa mbali, changishaneni wanne, mmoja awahi sokoni. Aulize samaki kafika saa ngapi. Afunue matamvua, aangalie wekundu. Na mtu akikuambia mnakula mapanki, msogezee sinia, mpe shavu, hakikisha taa inawaka.